Mfereji, reli ya zamani au vibarabara vya Gers: wapi pa kunyonga baiskeli ukitaka utulivu kweli

Kila ikikaribia Aprili watu wangu wanaanza kuniuliza, ndugu walioko Brussels, rafiki wa London, na mwaka juzi jamaa mmoja aliyekuja toka Mombasa kwa wiki mbili, wote wanasema wewe si unakaa Toulouse, basi tupeleke sehemu ya kuendesha baiskeli isiyo na magari. Na mi nawajibu kwa swali, unataka pasipo na magari au unataka pakimya? Maana hivo ni vitu viwili na huku kusini-magharibi mwa Ufaransa mara nyingi havikai sehemu moja, imenichukua misimu kadhaa kulielewa hilo, ndo maana naandika hapa yote kwa pamoja ili mtu akija na siku zake tatu asizipoteze.

Nalinganisha sehemu tatu tu, zote unazifikia kwa treni toka Toulouse bila gari. Ya kwanza mfereji wa Garonne, njia ya lami pembeni ya maji, Toulouse mpaka Castets-en-Dorthe, kilomita 193. Ya pili ni reli ya zamani ya Mazamet mpaka Bédarieux, wenyewe wanaiita Passa Païs, kilomita kama 80 hivi, reli iling'olewa na pale ilipokuwa ikipita treni sasa wanapita wenye baiskeli, waendao kwa miguu na wapanda farasi. Ya tatu haina hata kibao, ni vibarabara vya mkoa wa Gers magharibi ya Toulouse, ambako magari yanaruhusiwa kabisa, ila hayapo.

Tuanze na mfereji maana ndo unaojulikana. Toulouse ndipo mifereji miwili inapokutana. Unaoelekea mashariki mpaka karibu na bahari ya Mediterania ni Canal du Midi, kilomita 240, kazi ya Pierre-Paul Riquet enzi za mfalme Louis wa 14, walichimba kuanzia 1666 mpaka 1681, na tangu 1996 uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Unaoelekea magharibi ni huu wa Garonne, huu ni wa juzi, karne ya 19, ulikamilika 1856. Wageni wengi wanaukimbilia wa Midi kwa sababu ya jina lake na zile picha za miti mikubwa iliyoinamia maji, na sitaki kumvunja mtu moyo lakini kama unakuja na baiskeli ya lami nenda wa Garonne. Lami ya Midi inaishia Port-Lauragais, kilomita kama 50 toka Toulouse, baada ya hapo ni udongo, mizizi imetokeza juu, sehemu nyingine kijia chembamba mkikutana wawili lazima mmoja asimame, na mvua ikinyesha ni tope. Na ile miti yenyewe, miti ya platani, tangu 2006 imeingiliwa na ugonjwa wa kuvu usio na dawa, wamekata maelfu, inauma kuona, kuna vipande sa hizi ni jua kali na miche iliyofungwa vijiti. Ukija na baiskeli ya matairi mapana na huna haraka, Midi bado ni nzuri sana, lakini hiyo ni safari ya aina nyingine.

Wa Garonne ni tambarare kabisa, lami nzuri, huwezi kupotea hata ukitaka. Kilima pekee ni pale kwenye malango ya kupandishia mashua, yapo 53 njia nzima, ukitoka Toulouse kila lango unashuka kidogo mita mbili tatu, ukirudi unazipanda, unapumua, unaendelea. Toulouse mpaka Moissac ni kilomita 64, mpaka Agen ni 107. Pale Agen mfereji unapita juu ya mto Garonne kwenye daraja la mawe la matao 23, zaidi ya mita 500, yaani maji yamebebwa juu ya maji na wewe uko pembeni yake unanyonga taratibu, mashua ikipita kandokando yako na mto uko chini kabisa. Mtoto wa dada yangu alisimama pale katikati akakataa kuondoka, tukakaa karibu nusu saa.

Uzuri mwingine ni treni. Reli ya Toulouse kwenda Bordeaux inafuatana na mfereji karibu muda wote, kwahiyo ukichoka, ukipata pancha ya pili, mtoto akilia, unakata kona stesheni ya Castelsarrasin au Moissac au Agen unarudi nyumbani. Treni za kawaida za TER zinachukua baiskeli, mara nyingi bure, japo majira ya joto kuna majimbo yanataka uweke nafasi kabla, angalia mapema. Zile za masafa zinazoitwa Intercités lazima ulipie nafasi ya baiskeli.

Sasa tatizo. Hiyohiyo reli, pamoja na barabara kuu ya kulipia ya A62, vyote vimepita bonde moja na mfereji. Gari hulioni ila unalisikia. Kuna vipande virefu ambapo una maji, una miti, una ndege wa majini amesimama kwenye nguzo, na nyuma ya hayo yote kuna mngurumo wa malori usiokoma, kama mtu amesahau kuzima feni. Karibu na Valence-d'Agen unaona na ile minara miwili mikubwa ya kupozea ya kituo cha nyuklia cha Golfech. Halafu Jumapili ya jua, kilomita 15 za kwanza toka Toulouse ni wakimbiaji, mbwa wenye kamba ndefu, baiskeli za umeme, familia nzima zimejipanga upana wa njia, ni furaha kuwaona lakini kengele yako haipumziki. Kwahiyo hakuna magari, ni kweli. Ukimya? Mpaka uvuke Agen, kuelekea Buzet na Le Mas-d'Agenais siku ya kazi, hapo ndo unaanza kuuonja.

Na kitu kingine cha mfereji, unanyoosha. Kuna watu wanaupenda ule mwendo wa dakika arobaini bila kona, akili inatulia, kama kusoma tasbihi. Mi baada ya saa mbili napata usingizi. Jiangalie wewe ni mtu gani.

Upepo usiupuuze pia. Huku kuna upepo unaitwa autan, unatoka kusini-mashariki na ukianza unaweza kuvuma siku kadhaa. Ukiukuta, toka Toulouse elekea Moissac upepo ukusukume mgongoni na urudi na treni. Kama upepo unatoka magharibi fanya kinyume, panda treni kwanza mpaka Moissac au Agen uje nao mpaka nyumbani. Kwenye njia tambarare iliyonyooka hivi upepo ndo mlima wako, na mlima wa hivo hauna kilele.

Reli ya zamani sitakaa nayo sana, si kwa sababu ni mbaya, ni kwa sababu ni rahisi kuieleza. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwahiyo popote ilipopita treni mteremko ni mdogo mno, ndo siri ya njia zote za aina hii Ufaransa, na zipo nyingi, ile ya Givry mpaka Cluny kule Burgundy ndo ilitangulia, 1997. Passa Païs imepita katikati ya milima ya Haut-Languedoc lakini wewe unapanda bila kujua kama unapanda. Unashuka treni Mazamet (inatoka Toulouse moja kwa moja kupitia Castres), unapanda polepole mpaka handaki la Fenille, ambalo ndo mpaka wa maji, upande uliotoka mvua inaenda Atlantiki na upande wa pili inaenda Mediterania, na baada ya hapo kazi kubwa ni kushuka, Saint-Pons, Olargues, mlima Caroux umesimama kushoto kama ukuta. Handaki ni baridi hata Julai, vaa koti kabla hujaingia, usisubiri kutetemeka humo ndani. Kule Olargues kuna daraja la chuma la enzi za Eiffel na miti ya chestnati kila upande, Oktoba njia yote imejaa maganda yake yenye miba, tairi jembamba litapata pancha.

Hapo ndo penye angalizo kubwa: sehemu kubwa ya njia si lami, ni mchanga na kokoto zilizoshindiliwa. Baiskeli ya mbio yenye tairi za milimita 25 usiilete, utateseka, kuanzia 35 utafurahi. Lakini kwa ukimya hii inaushinda mfereji mbali sana, hakuna A62 hapa. Kwa mtu mwenye watoto, au mama aliyeanza baiskeli ukubwani, mi ningempeleka hapa kabla ya kwingine kokote. Tatizo ni kwamba vituo vya treni ni viwili tu, mwanzo na mwisho, ukikwama katikati ni wewe na Mungu wako na basi linalopita mara chache.

Sasa Gers. Naomba mnivumilie maana hapa ndo moyo wangu ulipo.

Kwanza mjue barabara za Ufaransa zinavyopangwa, bila hilo utaona naongea ndoto. Zenye A ni za mwendo kasi, nyingi za kulipia, baiskeli marufuku. Zenye N ni za taifa, malori. Zenye D ni za mkoa na humo ndo kuna mchanganyiko, D nyingine ina magari kama N, na D nyingine majani yameota katikati ya lami. Chini yake kuna za kijiji. Ukichukua ramani ya karatasi ya Michelin, ile ya 1:150 000, barabara nyekundu achana nazo, za njano fikiria mara mbili, nyeupe ndo zako. Nyeupe yenye mstari wa kijani pembeni maana yake ina mandhari nzuri, na vile vimshale juu ya barabara vinakuambia kuna mlima, vimshale vikiwa viwili vitatu kwa pamoja jiandae. Programu za simu zinakupitisha njia fupi, na njia fupi mara nyingi ni ya njano. Mi natembea na ramani ya karatasi mpaka leo.

Gers ni mkoa wa wakulima, ngano, alizeti, vitunguu saumu, mabata, watu kama 30 tu kwa kilomita ya mraba. Ardhi yake imekunjwa kama kipepeo cha ukili. Kule kusini kuna uwanda wa Lannemezan chini ya milima ya Pyrenees, na kutoka hapo mito inashuka kwenda kaskazini ikitawanyika kama vidole vya mkono, Save, Gimone, Arrats, Gers, Baïse, Osse. Kati ya kila mto na mto kuna mgongo wa kilima. Hili usipolijua litakumaliza: ukienda kaskazini au kusini unafuata kidole na safari ni laini, ukienda mashariki au magharibi unavuka kila kidole, unapanda mita 80 au 100, unashuka zote, unapanda tena, siku nzima. Mara ya kwanza nilichora njia toka Auch, mji mkuu wa Gers, kwenda mashariki kilomita 70 nikaona ni mchezo, jioni miguu ilikuwa inatetemeka kwenye ngazi za treni.

Na lingine, magari yako mabondeni. Barabara za bondeni zimenyooka, ndo za watu wa kazi. Barabara za mgongoni ni za zamani, zinazungukazunguka, hazina haraka na mtu, na huko juu unaona pande zote mbili na siku ikiwa safi Pyrenees yote imejipanga kusini na theluji yake. (Wenyeji wanasema ukiiona safi kupita kiasi kesho mvua, na mimi imeshaninyeshea.) Kwahiyo panga siku yako kaskazini-kusini, juu ya mgongo.

Nitawapa asubuhi moja tu. Mwezi wa sita, kutoka Lectoure kwenda La Romieu, kale kamji kenye kanisa la karne ya 14 na minara miwili unayoiona toka mbali juu ya mashamba. Nilitoka saa moja asubuhi. Ndani ya saa nzima na robo nilipishana na magari mawili, kagari ka njano ka posta na trekta moja. Basi. Ngano ilikuwa imeshageuka rangi, na upepo ukipita juu yake unaisikia kabla hujauona. Nikasikia kitu kinalia chii, chii, chii, nikadhani ni ndege, nikasimama, kikanyamaza. Nikaondoka kikaanza tena. Ilikuwa cheni yangu mwenyewe, imekauka mafuta, na nilikuwa nimeiendesha hivohivo wiki mbili mjini bila kuisikia. Nikatia mafuta pale pembeni ya shamba. Ukimya ninaouongelea ndo huo, wa kusikia cheni yako.

Na madereva. Mi nimekulia Chalinze, kule mwenye baiskeli akisikia honi nyuma anaingia vumbini, wale wa mkaa wanaoteremka alfajiri wanajua, huna haki ya lami. Huku sheria inasema dereva akupite kwa umbali wa mita moja mjini na mita moja na nusu nje ya mji, na kwenye hizi barabara nyembamba za Gers ambako mita na nusu haipo, anasubiri nyuma. Anasubiri kweli, hapigi honi. Mwanzo nilikuwa nashuka kabisa kwenye majani kumpisha, mzee mmoja wa huku akaniambia usifanye hivo, shika mstari wako, ukipata pa kupishana mnyooshee mkono. Ilinichukua muda kuamini. Sasa nikinyoosha mkono dereva naye ananyoosha wake, na kila mara kitu fulani kinatulia kifuani.

Simaanishi hakuna hatari. Magari ni machache lakini mwendo ni 80, na mikoa mingine imerudisha 90, kwahiyo kwenye kona isiyoona mbele na juu ya kilele cha kilima kaa kulia na sikiliza, ndo maana spika za masikioni zimekatazwa kisheria kwa mwenye baiskeli na mimi naikubali sheria hiyo kwa mikono miwili. Vijijini kuna ile kanuni ya anayetoka kulia kwako ndo mwenye haki, hata kama anatoka kichochoroni na trekta, wewe ndo wa kusimama. Rifleksa ni lazima nje ya mji usiku au kukiwa na ukungu, na kuanzia Septemba mpaka mwisho wa Februari mi navaa hata mchana, maana ni msimu wa uwindaji na Jumapili unasikia bunduki msituni. Mtoto chini ya miaka 12 lazima helmeti, popote. Na N21, ile ya Agen, Lectoure, Auch, usiiguse hata kwa kilomita mbili, malori yanapita pale kama yanafukuzwa, N124 vilevile.

Chakula na maji ndo mtihani wa Gers ambao mfereji hauna. Kwenye mfereji kila baada ya muda kuna mji. Huku unaweza kupita vijiji vinne usione duka. Bekari inafunga mchana, Jumapili jioni na Jumatatu usitegemee kitu, na mgahawa ukifika saa nane na nusu jikoni wameshafunga, watakuambia pole kwa heshima zote na hutakula. Vijiji vingine vina mashine ya kuuza mkate, unatia sarafu, mkate unatoka, imeniokoa. Maji yapo makaburini. Ndiyo, makaburini, kila kijiji kina makaburi na karibu kila makaburi yana bomba la kumwagilia maua. Nilipoambiwa mara ya kwanza niliona haya, kwetu huingii makaburini na chupa, lakini wenyeji wote wanafanya, sasa naingia taratibu, natoa salamu kwanza kwa waliolala, najaza, naondoka. Soma kibao tu, kikisema non potable hayo si ya kunywa.

Baiskeli nayo inabadilisha hesabu. Mfereji unausamehe mkweche wowote, hata ile ya kukodi yenye gia tatu. Gers hausamehi. Tulikodi baiskeli sehemu moja, siitaji, tukapewa moja ambayo breki ya nyuma imeisha kabisa, na tuligundua tukiwa tunateremka toka mgongoni na mke wangu ndo aliyekuwa juu yake. Alifika chini salama alhamdulillahi, lakini tangu siku hiyo nakagua breki mwenyewe mlangoni kabla ya kulipa, nazungusha gurudumu, nabana, naangalia mpira wa breki umebaki kiasi gani. Kama mapafu au magoti hayakuruhusu, kodi ya umeme, Gers kwa baiskeli ya umeme ni raha na hakuna wa kukucheka. Kivuli ni kidogo pia, Agosti saa tisa mchana lami inawaka, ondoka alfajiri au nenda Mei.

Kwahiyo nikiulizwa, kwanza nauliza unakuja na nani. Ukija na watoto wadogo au hujapanda baiskeli miaka kumi, mfereji, kipande cha Moissac mpaka Agen, si kile cha kutokea Toulouse, kilomita 43 na treni iko pande zote mbili. Una tairi pana na unataka milima bila kupanda milima, Passa Païs, ukianzia Mazamet. Uko na mwenzio mmoja mnayeweza kukaa kimya pamoja na gia za kutosha, njoo Gers, panda treni ya Auch, na ukitoka stesheni chukua barabara nyeupe ya kwanza inayopanda.

Mdogo wangu wa Brussels mwaka jana tulifanya mfereji siku mbili, akaupenda, na siku ya tatu nikampeleka mgongo mmoja tu wa Gers, kilomita 38. Juzi kaniandikia, kaka nakuja wiki ya mwisho ya Mei, mara hii mfereji hapana. Nimemwambia aje na gia ya nyuma yenye meno 32, chupa mbili za maji, na mafuta ya cheni.